Nyumba ya Muhajiri ni Amana, si Mirathi



Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria, Usama bin Zayd alimwuliza Mtume (s.a.w.) atafikia katika nyumba gani. Lilikuwa ni swali la kawaida kabisa. Mtu amerejea katika mji aliozaliwa, ana jamaa, ana mtaa, na alikuwa na pa kuingia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba naye alijibu kwa kuuliza iwapo Aqil alikuwa amewaachia nyumba yoyote. Aqil ni mwana wa Abu Talib, mtoto wa ami yake, aliyebaki Makka wakati wengine walipohamia Madina, na wanazuoni wameeleza kwamba nyumba za jamaa zake zilipita mikononi mwake na zikauzwa. Basi Mtume akapigiwa hema katika mji wa kwao.

Tena si yeye peke yake. Watoto wa Jahsh walihama wote, wake kwa waume, wakafunga milango, na nyumba ikabaki bila mtu. Waandishi wa sira wanatueleza kwamba Abu Sufyan, ambaye alikuwa na uhusiano wa ukwe na nyumba ile, aliiuza. Abdullah bin Jahsh alipopata habari alimshitakia Mtume, na Mtume akamliwaza kwa ahadi ya nyumba iliyo bora zaidi huko Peponi.

Tumeanza na habari hizi kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba jambo tunalotaka kulieleza mwezi huu limekuja na ndege na pasipoti. La hasha. Aliyesafiri kuliwa mali yake na aliyebaki ni dhulma kongwe. Tofauti ni moja tu, nayo ni nzito: baina ya watu wa Makka na wale waliohama palikuwa na vita na ukafiri. Leo anayeiuza nyumba ya muhajiri anasimama naye safu moja, bega kwa bega, muhajiri anapokuja likizo.

Tuje Sinza. Vijana wengi wanaoishi hapa leo hawajui kwamba mtaa huu ulipimwa katika miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma uliofanywa na Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Kusudi lilikuwa watu wa kipato kidogo wapate kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, wajenge wenyewe kwa nguvu zao. Viwanja vile vidogo vya wanyonge leo vinatafutwa na matajiri. Kuanzia Shekilango mpaka Mori, kutoka Afrika Sana mpaka Kwa Remmy, nyumba ya vyumba vinne imebomolewa na ghorofa limesimama. Sinza ikawa ya Wilaya ya Ubungo badala ya Kinondoni, bei ikapanda, na kila mwenye ndugu aliyesafiri akamwandikia: tuma fedha, kuna kiwanja kinauzwa.

Na aliyesafiri akatuma. Huyu yuko Reading au London, yule yuko Houston, mwingine Muscat. Wenyewe wanaiita kazi yao kubeba maboksi, na neno hilo lina ukweli mwingi kuliko mzaha. Ni kazi ya ghalani usiku, ni kuosha wazee wasiojiweza, ni kufagia ofisi kabla watu hawajaamka. Ama dada zetu waliokwenda Oman na Imarati kufanya kazi za nyumbani, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu yao mwaka 2017, na ndani yake mna wanawake wa Kitanzania walionyang'anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, na walionyimwa mishahara. Atakayesoma habari zile kisha akumbuke kwamba ujira huo ndio ulionunua nondo na saruji ya nyumba fulani, hatoweza kuitazama nyumba ile kama anavyoitazama sasa.

Chukua mfano. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa yuko Uingereza, mdogo yuko Sinza. Mkubwa anatuma fedha kwa Western Union, baadaye kwa simu, mwaka wa kwanza msingi, wa pili kuta mpaka kwenye lenta, wa tatu kupaua. Kila mwezi anapokea picha. Hakuna karatasi hata moja, kwani kaka atamwandikishaje mdogo wake aliyemlea mgongoni? Hati ya kiwanja imeandikwa jina la mdogo, "kwa muda tu," kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo siku ya kusaini. Baada ya miaka kumi na mitano mkubwa anarudi na mke na watoto, na masanduku. Anakuta nyumba imejaa wapangaji, upande wa mbele pamefunguliwa baa, upande wa nyuma ni gesti. Mdogo anamkaribisha kwa heshima zote, anamchinjia mbuzi, kisha anamwambia: "Kaka, karibu nyumbani kwangu."

Kwangu! Neno hilo moja limefanya watu wazima kulazwa hospitali kwa shinikizo la damu.

Hatutaji jina wala namba ya nyumba, kwa kuwa mfano huu hauhitaji jina. Kila msikiti wa eneo hili, na wa Temeke na Magomeni pia, una waumini watakaodhani tumewasema wao. Wapo ambao nyumba haikujengwa kabisa, na picha walizotumiwa zilikuwa za nyumba ya jirani. Wapo ambao nyumba ilijengwa, ikawekwa rehani benki kwa mkopo wa biashara ya ndugu, biashara ikafa, na dalali akapiga mnada huku mwenye nyumba akiwa kazini kwenye baridi hana habari. Na wapo ambao msaliti alikuwa ni mke, au mume, au mama mzazi, jambo ambalo hata kuliandika kalamu inasita.

Hapa panahitaji kuelezwa sheria kidogo, maana wengi wanadhulumiwa kwa kutojua na wengine wanadhulumu kwa kujua sana.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuhamisha haki ya ardhi yawe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo sebuleni, hata wakiwapo wazee kumi, ni kitu dhaifu mbele ya hati yenye jina na muhuri. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 20, haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na sheria yetu ya uraia haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayechukua wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Unganisha mambo haya mawili, utaona kwa nini nyumba nyingi za watu walioko ng'ambo ziko katika majina ya ndugu. Mtu alichukua uraia wa Uingereza ili apate kazi iliyo bora na aweze kusafiri, akaogopa kuandika jina lake kwenye kiwanja, akaandika la mdogo wake. Siku ya ugomvi anagundua kwamba hawezi kusimama mahakamani akasema kwa sauti kwa nini alilificha jina lake. Mdogo analijua hilo. Ndiyo silaha yake.

Mwaka 2025 marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yalileta hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, na kuwafungulia mlango katika umiliki wa ardhi. Hilo ni jema kwa atakayenunua kesho. Kwa yule ambaye hati yake imekwisha kuandikwa jina la mwingine, mlango huo haumrudishii kitu mpaka aliyeandikwa akubali au mahakama iamue.

Kuhusu mahakama, watu wasipotezwe. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kuhukumu. Hukumu inaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ni kweli kwamba mahakama zetu, tangu miaka ya 1970, zimeshika kuwa mwalikwa hawezi kumtoa mwenyeji wake hata akae muda gani. Lakini ni nani atakayethibitisha kwamba yule alikuwa mwalikwa? Risiti za kutumia fedha zinaonyesha kwamba fedha zilitumwa. Hazionyeshi zilitumwa kwa ajili ya nini. Mdogo atasema zilikuwa za matumizi ya mama, nyingine zawadi, nyingine karo ya watoto. Na kwa bahati mbaya katika hayo mna ukweli ndani yake, kwa kuwa kaka alikuwa akituma vyote kwa pamoja, saruji na dawa za mama katika fungu moja, bila kueleza.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi Waislamu hatukuwa na haja hata ya methali hiyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, haihusu Sala wala Hija. Inahusu kuandikiana deni: mwandishi awe mwadilifu, mwenye kudaiwa ndiye aandikishe, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Hatukuona humo kwamba ndugu wa damu wamesamehewa. Na waliokuwa wakiteremshiwa aya hiyo ni Masahaba, watu ambao uaminifu wao hatuwezi kuulinganisha na wetu. Ikiwa wao waliambiwa waandike, ni kwa kiburi gani sisi tunaona kuandikiana ni kutukanana?

Basi kaka aandike, na mdogo asikasirike. Karatasi moja yenye majina, tarehe, kiwanja, kazi ya fedha na saini za mashahidi wawili. Hati ya uwakilishi wa kisheria iliyosajiliwa, inayosema wazi kwamba msimamizi anaruhusiwa kujenga na kupangisha, wala haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani. Na kama hati imekwisha kuandikwa jina la ndugu na dalili si nzuri, upo utaratibu wa kuweka pingamizi kwa Msajili wa Hati ili nyumba isihamishwe kimyakimya. Sinza ni eneo lililopimwa, kwa hiyo mambo haya yanawezekana. Kwa ndugu zetu wa Manzese, Tandale na Mbagala, ambako sehemu kubwa iliishi kwa barua ya serikali ya mtaa na baadaye leseni za makazi, hadhari iwe mara mbili.

Tumesema mengi juu ya mdogo. Uadilifu unatudai tuseme pia juu ya kaka.

Ni nani aliyekuwa akilala juu ya mifuko ya saruji isiibiwe? Ni nani aliyegombana na mafundi, aliyepanga foleni ofisi za ardhi, aliyempeleka mama Muhimbili usiku kwa teksi ya kukopa, aliyemzika baba wakati kaka alikuwa akishughulikia makaratasi yake na hawezi kutoka nje ya nchi? Miaka kumi na mitano ya maisha ya mtu haikulipwa hata senti. Kaka alidhani udugu unatosha kuwa mshahara, naye mdogo alijilipa mwenyewe, akajilipa kupita kiasi. Usimamizi ni kazi na kazi ina ujira, na ujira unasemwa mwanzoni. Lau wangeandikiana kwamba msimamizi atapata kodi ya vyumba viwili kila mwezi, pengine nyumba isingeliwa yote.

Lipo jingine ambalo walioko nje hawapendi kuambiwa. Wanadanganya. Wanapiga picha mbele ya gari la mwajiri, wanakuja likizo wakiwa wamekopa nauli, wanagawa simu na manukato, na hawasemi kabisa kwamba wanaishi watu sita katika chumba kimoja. Aliyebaki anaamini kwamba huko fedha zinaokotwa. Anapochukua anaona amechota kikombe baharini. Uongo wa fahari umewaponza wengi, na wanaopaswa kuacha kuusema ni wao wenyewe.

Hata hivyo, hakuna katika hayo kinachohalalisha hati kugeuzwa. Anayedai ujira adai ujira. Suratun Nisaa imetuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na Mtume (s.a.w.) usiku ule alipoondoka Makka kwa kuwindwa alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirejeshe amana za watu, na baadhi ya watu hao ni wale wale waliotaka kumwua. Amana ya adui ilirudishwa. Ya kaka je?

Sasa tuwageukie wazee na maimamu wetu, kwa adabu na heshima. Ugomvi wa namna hii unapofikishwa msikitini, kwa kawaida husemwa kwamba ni mambo ya kifamilia, wayamalize wenyewe, wasubiri, wasikate udugu. Kisha husomwa kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) aliyewasamehe ndugu zake. Kisa hicho ni kizuri, lakini kinasomwa nusu. Ndugu zake Yusuf walisimama mbele yake wakakiri kwa ndimi zao kwamba walikuwa wakosaji, ndipo wakasikia kwamba siku ile hapana lawama juu yao. Kukiri kulitangulia. Sisi tunamwita aliyeibiwa asamehe wakati mwizi bado anakusanya kodi ya mwezi. Hiyo si sulhu. Sulhu ni wote wawili kukaa na makaratasi yao mbele ya watu wenye ujuzi wa hesabu na wenye kumcha Mwenyezi Mungu, ijulikane fedha ngapi ziliingia, ujira ni kiasi gani, kodi iliyoliwa ni kiasi gani, kisha aliyezidisha arudishe na mwenye haki yake, akipenda, asamehe sehemu.

Na wanaoweka saini za ushahidi katika mauzo ya nyumba wanayoijua si ya muuzaji, kwa bahasha, wajue kwamba aya ya 188 ya Suratul Baqara imekataza kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili sehemu yake iliwe kwa dhambi na hali wanajua. Mjumbe, jirani, shemeji, dalali: wote wanajua.

Kwa dada zetu dhulma ina sura ya ziada. Dada aliyefanya kazi Muscat miaka minane anarudi, anaambiwa kwamba mwanamke hana haja ya nyumba, ataolewa, nyumba ikae kwa kaka kwa kuwa ndiye mlinzi wa ukoo. Watu wanaosema hivyo huivaa dini. Lakini Uislamu ulimpa mwanamke mali yake, awe bikira, mke au mjane, na hakuna baba, kaka wala mume mwenye ruhusa ya kuigusa bila ridhaa yake. Hapa hatusemi juu ya fungu la mirathi, ambalo kila mtu anapenda kulitaja. Hii ni jasho lake.

Na mirathi ndiyo inayotutia hofu kuliko yote. Kwa sababu mdogo naye ni mwanadamu, atakufa. Siku atakapokufa na hati ikiwa na jina lake, kikao cha ukoo kitakaa, msimamizi wa mirathi atateuliwa, muhtasari utapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na nyumba ya kaka itagawanywa: mke thumuni, watoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Mafungu yatakuwa sahihi kabisa, hesabu haitakosewa hata nukta, na yote yatakuwa yamegawa kitu kisichokuwa cha marehemu. Watoto wadogo wasiojua lolote watakula na kukulia juu ya haki ya ami yao. Nyumba itauzwa ili kila mrithi apate chake, na baada ya hapo hata mwenye nia njema hana cha kurudisha. Ndiyo maana tunasema, kabla ya shekhe kuanza kugawa, aulize kwanza: katika hivi vilivyoandikwa jina la marehemu, vipi vilikuwa vyake? Deni linatangulia mirathi, na amana si ya kuingizwa katika mirathi kabisa.

Desturi yetu tunaijua sote. Maiti ikiisha kusaliwa, kabla haijachukuliwa, msemaji wa familia husimama akasema kwamba yeyote anayemdai marehemu awaone wafiwa. Hutokea mmoja akataja deni la dukani, mwingine fundi aliyebakishiwa. Kisha kimya. Muhajiri yuko Reading, ni alfajiri kwao, yuko kazini na simu yake iko kabatini. Waliopo hapo wamejua tangu siku ya kuchimbwa msingi ile nyumba ni ya nani. Wanatazama chini, wanatafuta viatu vyao, na jeneza linainuliwa.